Kabla hujamhukumu Dayton Moore, tazama kalenda

Ghalani ninakofanya kazi hapa Kansas City kuna mzee mmoja, mzaliwa wa hapahapa, ambaye jina la Dayton Moore likitajwa huweka chini kikombe chake cha kahawa. Kwake hukumu ni nyepesi: Moore aliishika Royals, timu ya besiboli ya hapa, miaka 16, akapoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, akafukuzwa Septemba 2022, kesi imefungwa. Nami humjibu kwamba ubingwa wa 2015 haukuokotwa njiani. Tumebishana hivyo misimu mingi, kwa heshima, na kadiri tunavyobishana ndivyo ninavyozidi kuona kuwa hatukubaliani kabisa juu ya namna ya kumpima meneja mkuu wa timu ya besiboli.

Kwa ambao mmekulia kwenye soka kama mimi, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Besiboli ya Marekani haina dirisha la usajili la klabu moja kulipa dau na nyingine kumwachia mchezaji. Klabu hubadilishana watu. Mchezaji analala akiwa wa Milwaukee, anaamka akiwa wa Kansas City, mara nyingi bila kuulizwa, na mkataba wake unamfuata huko aendako. Anayeamua ni meneja mkuu ofisini. Kocha anapokea kikosi alichopewa. Halafu kuna hili la pili, ambalo ndilo kiini cha ugomvi wote: kijana akipanda ligi kuu, klabu inakuwa na haki naye kwa misimu sita hivi, na ile ya mwanzo analipwa kima cha chini. Kwa klabu isiyo na mapato ya New York wala Los Angeles, chipukizi mwenye kipaji ni mali kuliko nyota aliyekomaa, kwa sababu nyota atadai fedha nyingi kisha ataondoka.

Sasa twende Desemba 9, 2012. Royals walikuwa hawajacheza hata mechi moja ya mtoano tangu walipotwaa ubingwa mwaka 1985. Mikononi mwao walikuwa na mpigaji aitwaye Wil Myers, aliyetoka kupiga mipira 37 ya kuvuka ukuta katika ligi za chini msimu huo, na jarida la Baseball America lilimtaja kuwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi hizo. Siku moja kabla hajatimiza miaka 22, Moore akamtoa. Alimpeleka Tampa Bay pamoja na Jake Odorizzi, Mike Montgomery na Patrick Leonard, naye akapokea warushaji wawili (wale wanaomrushia mpigaji mpira), James Shields na Wade Davis, na baadaye akaongezewa Elliot Johnson. Shields alikuwa anaingia miaka 31 na mkataba wake ulibakiza misimu miwili tu.

Wachambuzi wengi walimrukia Moore siku hiyohiyo. Hoja yao ilikuwa ya hesabu: unawezaje kutoa miaka sita ya kijana wa mshahara mdogo ili upate miwili ya mtu mzima wa mshahara mkubwa? Na msimu wa 2013 ulipokwisha walionekana wameshinda hoja. Myers alichukua tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi yake, na Royals walikaa nyumbani Oktoba kama kawaida.

Hapo ndipo ninaposimama upande wa Moore, na ningesimama hapo hata kama kombe lisingekuja. Hesabu ya miaka sita kwa miwili inachukulia kwamba kila mwaka una uzito sawa. Kwa Royals wa wakati ule haikuwa hivyo. Mike Moustakas alichukuliwa kwenye drafti (zamu za klabu kuchagua vijana wapya) ya 2007, Eric Hosmer ya 2008. Lorenzo Cain na Alcides Escobar walikuja Desemba 2010, Moore alipomtoa Zack Greinke kwenda Milwaukee. Salvador Pérez alisainiwa Venezuela mwaka 2006 akiwa bado mtoto, kwa dola 65,000. Kundi hili lilikuwa linakomaa kwa pamoja, na Hosmer, Moustakas, Cain na Escobar wote wangeachwa huru mwisho wa 2017. Tarehe hizo hazikuwa siri, zilikuwa kwenye karatasi. Kwa hiyo mwaka wa sita wa Myers, ule ambao wakosoaji waliulilia sana, ungefika wakati wenzake wameshatawanyika. Kilichokosekana mwaka 2012, timu iliposhinda mechi 72 tu, kilikuwa mrushaji wa kuanza anayeweza kubeba ngwe zaidi ya 200 kwa msimu. (Mechi ya besiboli ina ngwe tisa, na kila timu hupiga mara moja katika kila ngwe.) Shields alibeba 228 mwaka 2013 na 227 mwaka 2014. Katika msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi 86, idadi ambayo Royals hawakuwa wameifikia tangu 1989.

Hayo ni kwa upande wa Shields. Kwa Davis sina budi kusema ukweli ambao mashabiki wenzangu hawapendi kuusikia. Leo kila anayeusifu ubadilishanaji ule anamtaja Davis kwanza, na ana haki: mwaka 2014 aliruhusu wastani wa mkimbio mmoja tu (mkimbio ndiyo pointi ya besiboli) kwa kila ngwe tisa, na mwaka 2015 akashuka hadi 0.94. Lakini hayo yalikuja baada ya kosa. Tampa Bay walikuwa wameshamtumia kama mrushaji wa akiba mwaka 2012 na akang'ara. Royals walipompata wakamrudisha kuanza mechi, na mwaka 2013 akapigwa hasa, wastani wa 5.32. Kilichomrudisha mahali pake ni kiwiko cha Luke Hochevar, kilichoumia mwanzoni mwa 2014, mtu akahitajika wa kuziba pengo la ngwe ya nane. Kwa hiyo mimi humpa Moore sifa kamili kwa Shields na nusu kwa Davis, japokuwa matokeo yanaonyesha kinyume chake.

Na matokeo, jamani, yanadanganya sana. Septemba 30, 2014 nilikuwa zamu ya usiku, redio ndogo juu ya meza ya kufungia mizigo. Mechi moja ya kufa na kupona dhidi ya Oakland. Inaanza ngwe ya nane, tuko nyuma 7 kwa 3. Shields alishatolewa zamani na hakuwa amerusha vizuri. Mnajua kilichofuata: wakakimbia, wakaiba vituo mara saba (yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kungoja mwenzao apige), wakasawazisha, wakashinda 9 kwa 8 katika ngwe ya 12, Pérez akipitisha mpira pembeni mwa Josh Donaldson. Wakaifagia Angels, wakaifagia Baltimore, wakafika mechi ya saba ya World Series, fainali ya ubingwa, na kuipoteza mbele ya Madison Bumgarner wa San Francisco. Sasa niambieni: Oakland wangezilinda zile mikimbio nne za tofauti, je, uamuzi wa Desemba 2012 ungegeuka kuwa mbaya? Mzee wangu anasema ndiyo. Mimi nasema hapana, maana hakuna kitu Moore alichokuwa anakijua siku ile ambacho kingebadilika kwa sababu ya ngwe moja ya miaka miwili baadaye.

Julai 2015 alifanya tena, kwa ujasiri zaidi. Ndani ya siku tatu alimchukua Johnny Cueto kutoka Cincinnati kwa warushaji watatu vijana, na Ben Zobrist kutoka Oakland kwa Sean Manaea na Aaron Brooks. Wote wawili walikuwa wa kuazima tu, mikataba inaisha Novemba. Cueto alikuwa mchungu kutazama miezi ile miwili, alishinda mechi nne na kupoteza saba. Kisha ikaja mechi ya tano ya mtoano na Houston, akarusha ngwe nane akiruhusu mapigo mawili tu yaliyofaulu, na baadaye akaimaliza mechi nzima dhidi ya Mets kwenye World Series, tena kwa mapigo mawili. Manaea naye alikuja kuwa mrushaji mzuri, mwaka 2018 aliinyima Boston pigo hata moja mechi nzima. Sijawahi kumwonea wivu Oakland kwa hilo hata siku moja. Siku ya gwaride nilimbeba binti yangu mabegani katikati ya umati uliokadiriwa kufika watu 800,000. Mji wenyewe hauna hata watu hao.

Lakini kalenda ileile inayomtetea Moore mwaka 2012 ndiyo inayomshtaki mwaka 2017, na hapa nakutana na mzee wangu katikati ya barabara.

Alijua Hosmer, Moustakas na Cain wanakuwa huru mwisho wa msimu. Na alijua namna ya kufanya, kwa sababu Desemba 2016 alikuwa amemtoa Davis mwenyewe, aliyebakiza mwaka mmoja, na kumpata Jorge Soler ambaye mwaka 2019 alipiga mipira 48 ya kuvuka ukuta. Ilipofika Julai 2017 timu ilikuwa bado inapumua kwenye mbio za kuwania mtoano, na badala ya kuuza alinunua. Julai 24 alileta warushaji watatu kutoka San Diego: Trevor Cahill, Brandon Maurer na Ryan Buchter. Tukamaliza na ushindi 80 na vipigo 82. Majira ya baridi Hosmer akaenda San Diego kwa dola milioni 144, Cain akarudi Milwaukee kwa milioni 80, na mwaka 2018 tukapoteza mechi 104. Fidia tuliyopata ilikuwa nafasi mbili za drafti, wakachaguliwa Jackson Kowar na Daniel Lynch, na hakuna kati yao aliyekuja kuwa mrushaji wa kuanza wa kutegemewa.

Ninaelewa kilichokuwa moyoni mwake. Januari ile Yordano Ventura alifariki kwa ajali ya gari kwao Jamhuri ya Dominika, akiwa na miaka 25, na klabu nzima ilikuwa msibani. Kuwavunja vijana wale katikati ya msimu, mbele ya mji uliowapenda kama watoto wake, lingekuwa jambo zito kwa mtu yeyote. Mimi mwenyewe ningelia. Hata hivyo ilikuwa kazi yake, na hakuifanya. Ukiongeza kwamba mwanzoni mwa 2016 alimpa Alex Gordon milioni 72 na Ian Kennedy milioni 70, na kwamba warushaji aliowachagua kwenye drafti kwa miaka mingi walikuwa hawakomai, utaona kwa nini ulikuja ukame. Makosa yake makubwa hayakuwa kwenye ubadilishanaji uliopigiwa kelele. Yalikuwa kwenye biashara ambazo hazikufanyika, na hizo hakuna anayezihesabu kwa sababu haziandikwi popote.

Kuna uamuzi mwingine wa kikosi ambao hauingii kwenye jedwali lolote. Mei 2020, janga la Korona liliposimamisha michezo, klabu nyingi ziliwaachisha wachezaji wa ligi za chini kwa mamia. Royals chini ya Moore hawakumfukuza hata mmoja, wakaendelea kuwalipa hadi msimu ulipotakiwa kwisha. Wale ni vijana wanaolipwa kidogo, wengi wametoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela kutafuta maisha. Mtu aliyevuka bahari kutafuta riziki, kama mimi, halioni hilo kuwa dogo.

Na huyo Bobby Witt Jr., ambaye mzee wangu huvaa jezi yake, aliyeongoza ligi yake kwa wastani wa upigaji wa .332 mwaka 2024? Alichukuliwa na Moore kwenye drafti ya 2019, nafasi ya pili, kwa sababu ya vile vipigo 104.

Mrithi wake, J.J. Picollo, tayari ameonja kikombe hichohicho. Juni 2023 alimtoa Aroldis Chapman kwenda Texas na kumpata Cole Ragans, kijana ambaye kiwiko chake kilishapasuliwa mara mbili. Texas walitwaa ubingwa mwaka huohuo, na Ragans mwaka uliofuata akaitwa kwenye mechi ya nyota. Watu hupenda kuuliza nani alimpiga mwenzake pale. Kila mmoja alikwenda sokoni na kikapu chake, akarudi na alichokwenda kununua.

Novemba 2024 Picollo akamtoa Brady Singer kwenda Cincinnati na kumchukua Jonathan India pamoja na Joey Wiemer. India hakupiga vizuri mwaka 2025, na ghalani hukumu imeshatoka. Mimi bado narudi Novemba ile. Witt alikuwa akienda kupiga mara nyingi mno huku vituo vikiwa vitupu, kwa sababu wanaotangulia mbele yake walishindwa kufika hata kituo cha kwanza, na kufika kituo cha kwanza ndiyo kazi India aliyokuwa akiifanya vyema Cincinnati. Warushaji wa kuanza tulikuwa nao: Ragans, Seth Lugo, Michael Wacha. Wote wawili, Singer na India, walibakiza misimu miwili kabla ya kuwa huru. Ningekuwa kwenye kiti kile siku ile ningetia saini, na nimemwambia mzee hivyo wiki iliyopita. Akatikisa kichwa, akasema Singer alikuwa mzuri. Nikamwambia ndiyo, alikuwa mzuri, ndiyo maana Cincinnati walimtaka.