Bima ya moto haiujui mto

Nimesoma makala inayotuhimiza wenye nyumba vijijini Bagamoyo tukate bima kabla ya masika. Sawa, ila mwandishi wake kaligusa jambo hilo juu juu mno. Mimi nilikata. Maji yalipoingia usiku godoro likaelea kama ngalawa, na asubuhi nikambebea wakala hati yangu, matope yamenifika magotini. Kaisoma, kanirudishia: hii ni ya moto na radi. Mafuriko huongezwa kwa kifungu chake na kwa malipo yake, na hata hapo sehemu ya kwanza ya hasara unaibeba mwenyewe. Sikuwa nimefungua hata ukurasa wa pili, kosa langu hilo.

Jingine, ambalo wageni wanaonunua viwanja bondeni hawaambiwi: Mto Ruvu haungoji mvua inyeshe kwetu. Unaanzia milima ya Uluguru, Morogoro huko. Kwetu jua kali, watu wameanika muhogo, mto unapanda! Kwa hiyo ukisikiliza utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, usiishie mkoa wa Pwani, sikiliza na wa Morogoro. Na kabla hujatoa hela ya kiwanja waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi. Kwangu mstari wa tope bado upo ukutani, usawa wa kiuno. Mke wangu anataka tuupake rangi, nimekataa.

Wanaojua bima nisaidieni: nyumba ya tofali za udongo, bati juu, kiwanja hakina hati, ipo kampuni inayoikubali?