Mto Baker: mabwawa yalipigiwa hesabu, nyaya zikasahauliwa

Pale mto Nef unapoingia Baker, kusini kabisa mwa Chile, maji ya rangi mbili huenda ubavu kwa ubavu: ya Baker buluu ya kung'aa, ya Nef yamechafuka weupe kama yaliyooshewa mchele, kwa unga wa mawe uliosagwa na barafu. Kwenye Baker na jirani yake Pascua, kampuni za Endesa na Colbún zilitaka kujenga mabwawa matano ya umeme, mradi wa HidroAysén, megawati 2,750. Mradi ulipewa kibali Mei 2011, ukafutwa Juni 2014.

Waliopinga waliitwa maadui wa maendeleo. Tuwape watetezi wa mradi haki yao: gesi ya Argentina ilianza kukatwa mwaka 2004, Chile haina mafuta ya maana, na mabwawa yote matano yangefunika hekta kama 5,900 tu. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye megawati 2,115, limefunika zaidi ya mara kumi ya hizo. Ukiishia hapo, kukataa HidroAysén ni kama kutupa embe kwa sababu ya kokwa.

Tatizo ni kuishia hapo. Aysén, mkoa wa mito hiyo, haikuwa kwenye gridi ya kati. Umeme ulikuwa wa Santiago, karibu kilomita 2,000 kwa laini. Toka Dar es Salaam hadi Mwanza, geuza, rudi mpaka uipite Dodoma, nguzo zikikusindikiza. Weka mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaoachwa wazi kwa ajili ya nyaya, wa upana wa mita 70 tu. Hata ukitoa kipande kilichopangwa kupita chini ya bahari, ardhi ya mkuza inazidi mara mbili ya mabwawa yote kwa pamoja. Kumbe embe lilikuwa dogo kuliko kokwa. Na laini hiyo ilitengwa, ifanyiwe tathmini yake ya mazingira baadaye, huku mabwawa yakiidhinishwa kwanza. Ukishamwaga zege mtoni, nani atakataa nguzo? Mwaka 2012 Colbún wenyewe walipendekeza tathmini ya laini isimamishwe.

Wapinzani nao walikuwa na ujanja wao. Bango lao maarufu lilionyesha nguzo zikikatiza mbele ya milima ya Torres del Paine, ambayo haiko Aysén wala laini isingepita huko. Maandishi yake yalisema kwamba kama hapo haikubaliki, basi na Aysén pia. Si uongo, ila wangapi walisoma maandishi?

Giza ambalo watetezi walitabiri lingekuja bila mabwawa halikufika. Umeme wa jua wa Atacama, jangwa la kaskazini mwa Chile, umeingia kwenye gridi kwa kasi ambayo wachache waliitarajia. Sasa mchana jua huzalisha umeme mwingi hadi mwingine unaachwa, kwa kukosa njia ya kuufikisha kusini. Dawa iliyopangwa ni laini ya Kimal–Lo Aguirre: zaidi ya kilomita 1,300 za nguzo, kutoka jangwani hadi Santiago.