Vyumba sita, LUKU moja

Hii tabia ya wenye nyumba kuunganisha vyumba sita kwenye LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla hapa Tanzania, inaniudhi sana. Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hununua umeme kwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Akivuka, zinazozidi ni shilingi 350. Sasa vyumba sita vitabakije chini ya 75? Halafu mwenye taa mbili na simu ya kuchaji anachangishwa sawa na mwenye friji, pasi na jiko la umeme. Mimi nazima taa, jirani feni inazunguka mchana kutwa hayupo, mchango uleule! Baba mwenye nyumba, tufungie basi hata mita ndogo za ndani, kila mtu alipie anachotumia. Gharama yake igawe kwenye pango, tutalipa.