Mwezi wa tano na kamba ya nguo

Masika ya Mombasa yana ujeuri wake. Asubuhi jua kali, unaanika. Ukishapanda tu tuktuk kwenda Kongowea, wingu latoka baharini, mvua yamwagika, kisha jua tena kama hakukuwa na kitu. Na nyumbani hamna wa kukuanulia. Mei ndiyo inayoongoza kwa mvua hapa, sawa, basi inyeshe moja kwa moja tujue! Shati la kazini limekaa kambani hadi lanuka uvundo. Kanzu ya Ijumaa imeshika madoa ya kuvu (hayo hayatoki kirahisi, usidanganywe na sabuni). Halafu jamaa wa bara wanapiga simu: "Nyinyi mna raha, jua mwaka mzima." Jua gani? Hata chumvi kikoponi imegeuka maji.