Mlima Fuji Haukodishwi Pamoja na Chumba

Jamaa zangu wawili, mume na mke wa Dar es Salaam, wamerudi kutoka Japani na kinyongo, na baada ya kuwasikiliza nimejikuta nina hasira kuliko wao. Walidunduliza fedha kwa muda mrefu ili walale angalau usiku mmoja kando ya Ziwa Kawaguchi, chini ya Mlima Fuji, na wakala aliyewapangia safari akawatoza nyongeza kubwa kwa ajili ya chumba kinachotazama ziwa. Walipofungua mapazia, ziwa walilikuta, tena zuri, na ng'ambo yake safu ya milima yenye misitu. Fuji hawakuuona. Hoteli ilikuwa kwenye ufuko wa kusini, na Mlima Fuji uko kusini mwa ziwa, kwa hiyo muda wote waliokaa chumbani ulikuwa nyuma ya jengo, upande wa maegesho ya magari. Wakala hakutamka uongo hata mmoja. Aliuza dirisha la ziwa na akatoa dirisha la ziwa, huku akijua fika kwamba wanunuzi walikuwa wanafikiria mlima, na ukimya wa namna hiyo mimi nauhesabu kuwa udanganyifu.

Basi nianze na dira, kwa kuwa wanaouza vyumba hawana haraka ya kuitaja. Anayetaka kuuona mlima ng'ambo ya maji ya Kawaguchi atafute malazi ufuko wa kaskazini, maeneo ya Oishi na jirani zake. Anayelala kusini, karibu na stesheni, ataona ama mlima bila ziwa ama ziwa bila mlima. Kwenye Ziwa Yamanaka mlima uko upande wa kusini-magharibi, kwa hiyo Nagaike na Hirano ndiko kwa kutazama.

Lakini malalamiko yangu hayaishii kwenye dira. Hata kama jamaa zangu wangepewa dirisha sahihi, bado wangekuwa wamechagua mahali pa kulala kwa kigezo kibovu, na kigezo hicho ndicho tunachoambukizana sote tunapotumiana picha. Mlima wenye kimo cha mita 3,776, uliosimama peke yake, hujikusanyia mawingu. Kuanzia majira ya mvua ya Juni mpaka mwisho wa Agosti unaweza kujificha siku nzima, na hata siku ulipoonekana alfajiri, saa nne asubuhi mara nyingi umeshafunikwa. Majira ya baridi, hasa Desemba hadi Februari, anga huwa safi zaidi, na anayekwenda miezi hiyo ana haki ya kutumaini. Anayelipa nyongeza ya dirisha mwezi Julai anauziwa kitu ambacho mwenye hoteli hana mamlaka nacho.

Na tumeona kigezo cha picha kinawafikisha wapi wenyeji. Mwaka 2024 mji wa Fujikawaguchiko ulilazimika kusimamisha wavu mweusi wenye kimo cha mita 2.5 na urefu wa mita 20 mkabala na duka moja la Lawson, ili kuziba mahali ambapo mlima unaonekana umekaa juu ya paa la duka, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wanavuka barabara bila kuangalia, wanatupa taka na kuegesha magari ovyo. Wavu uliwekwa Mei na ukaondolewa Agosti. Sina neno la kuwalaumu watu wa mji huo. Wageni wengi wa namna hiyo hufika kwa basi kutoka Shinjuku, mtaa wa Tokyo, safari isiyozidi saa mbili kama barabara haina foleni, wakapiga picha na kurudi Tokyo jioni bila kumsalimu mtu yeyote isipokuwa muuza duka.

Ninachokisema, na nitakirudia kwa yeyote atakayeniuliza, ni kwamba katika nchi ile ya maziwa matano yaliyo chini ya Fuji, Kawaguchi na Yamanaka yakiwamo, chagua nyumba kabla ya kuchagua dirisha: nani atakupokea, utakula nini jioni, na utalala katika kijiji gani. Huko kulala ugenini kulianza kwa namna hiyo. Kwa karne kadhaa mahujaji wa Fuji walifikia katika mji wa Yoshida, kwenye nyumba za oshi, yaani wahudumu wa dini waliowapa mahujaji chakula na malazi, wakawaombea dua na kuwatayarisha kwa ajili ya kupanda. Mahujaji hao walikwenda pia kwenye maziwa kujitakasa. Mlima ulipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2013, uliingizwa kama urithi wa utamaduni na si wa maumbile, na ndani ya orodha hiyo yamo maziwa yote matano pamoja na nyumba mbili za oshi. Yaani nyumba ya kulala wageni imehesabiwa kuwa sehemu ya utakatifu wa mahali. Nikilifikiria hilo, halafu nikasoma tangazo linaloitaja hoteli kwa ukubwa wa kioo chake, moyo unaniuma.

Mahali ninapopapendekeza kuliko pote ni Ziwa Sai, magharibi ya Kawaguchi, na hasa upande wa Nenba. Mwaka 1966 kimbunga kilileta maporomoko ya matope yaliyokifukia kijiji cha Nenba na kuua makumi ya watu. Walionusurika walihamia mahali pengine kando ya ziwa, na kupokea wageni katika minshuku, nyumba za familia zenye vyumba vichache, kukawa riziki ya wengi wao. Pale kijiji cha zamani kilipokuwa, nyumba za paa la nyasi zilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2006 kama makumbusho ya wazi, na watu hutembelea mchana, wakanunua kumbukumbu na kuondoka. Ni wachache wanaojiuliza watu wa kijiji kile walikwenda wapi. Sisi tuliolelewa na msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone, tunapaswa kuelewa upesi kuliko wengine maana ya kulala nyumbani kwa familia kama hiyo.

Jioni moja ya Novemba nilikaa sakafuni katika nyumba ya namna hiyo, miguu chini ya meza fupi, mama mwenye nyumba akaleta samaki aina ya himemasu aliyechomwa mzima kwa chumvi. Alikuwa ametungwa kwenye kijiti huku kiwiliwili kimepindwa kama anaogelea, na mapezi yamepakwa chumvi nyingi zaidi yasiungue. Mama alinionyesha kwa mikono, bila lugha yoyote ya pamoja kati yetu, namna ya kumbinya mgongoni kwa vijiti vya kulia mpaka mfupa wote ukachomoka pamoja na kichwa. Baada yake kikaja chungu cha hoto, tambi nene za ngano zilizochemshwa na boga katika mchuzi wa miso, na boga lilikuwa limeshaanza kuvunjikavunjika na kuupa mchuzi rangi. Sijakutana na mlo wa namna hiyo katika hoteli yoyote ya vioo.

Ziwa hilo lina habari nyingine ambayo wanaokimbizana na mlima hawaisikii. Samaki aitwaye kunimasu aliishi katika Ziwa Tazawa tu, mkoani Akita, kaskazini mwa Japani, mpaka mwaka 1940 maji yenye tindikali ya mto yalipoelekezwa ziwani kwa ajili ya umeme na kilimo, akaangamia. Dunia ilimhesabu kuwa ametoweka. Kumbe miaka michache kabla ya hapo mayai yake yalikuwa yamepelekwa kupandikizwa mahali pengine, Ziwa Sai likiwamo, na mwaka 2010 ikathibitika kwamba samaki wale walikuwa wakiishi humo muda wote huo, wakidhaniwa kuwa ni himemasu. Mtu anaweza kulala hatua chache kutoka kwenye maji hayo na asijue, kwa sababu ukurasa aliowekea nafasi ulimwambia tu kwamba kutoka hapo mlima unaonekana nusu.

Ni kweli kwamba unaonekana nusu. Sehemu kubwa ya ufuko wa Sai imezibwa na vilima, na ni upande wa Nenba tu ndiko mlima unakotokeza vizuri. Kwangu hilo halipunguzi kitu.

Sasa bei, kwa kuwa hapa ndipo watu wetu wanapokosea mahesabu. Nyumba za kijadi za Japani, ziwe ryokan au minshuku, kwa kawaida hutoza kwa kila mtu na si kwa chumba, na bei hiyo mara nyingi inajumuisha chakula cha jioni na kifungua kinywa. Mtu analinganisha bei hiyo na ya hoteli ya chumba kitupu, anashtuka, anachukua chumba kitupu, halafu saa moja na nusu usiku anatoka kutafuta chakula na kukuta migahawa ya kando ya ziwa imefungwa na basi la mwisho limeshapita. Nimewaona watu hao wakila maandazi ya dukani vitandani, katika mojawapo ya mikoa yenye chakula kitamu zaidi nilikopita. Kata usiku mmoja wa Tokyo ikibidi, lakini usiikate jioni ya mezani. Na ukishaikubali, ifuate kwa adabu: wageni huingia kuanzia saa tisa alasiri, meza huandaliwa saa kumi na mbili jioni au muda mfupi baadaye, na anayefika saa mbili usiku bila taarifa amewaharibia watu kazi ya mchana mzima.

Kwa wasomaji Waislamu, na hata kwa wasio Waislamu wanaojali stara, kuna mambo mawili ambayo sitaki mtu ayakute mlangoni. Mapishi ya Kijapani hutumia sake na mirin, pombe zitokanazo na mchele, katika vyakula ambavyo kwa macho vinaonekana ni mboga na samaki tu, kwa hiyo kusema "sili nguruwe" hakutoshi. Andika mapema, wakati wa kuweka nafasi, orodha kamili ya usivyokula, pombe ya mapishi ikiwamo. Mwenyeji wa nyumba ndogo anapika mwenyewe na hupenda kujua mapema. La pili ni bafu. Katika onsen, yaani bafu za chemchemi ya maji ya moto, watu huoga uchi, wanaume kwao na wanawake kwao, wala nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Nyumba nyingi ndogo huwapa wageni bafu kwa zamu, familia moja kwa wakati mmoja, na mlango unafungwa kwa ndani. Hoteli kubwa nazo mara nyingi huwa na bafu la faragha la kukodi kwa saa. Hiki peke yake ni kigezo kizito kuliko dirisha lolote, na ninashangaa kwamba mawakala wa kwetu hawakitaji.

Nakubali, shingo upande, kwamba si kila mtu anafaa kupelekwa Sai. Mwenye usiku mmoja tu, watoto wadogo na masanduku mazito, na asiye na gari, akae karibu na stesheni ya Kawaguchiko, kwa kuwa treni na mabasi yote yanaanzia hapo na basi la kwenda Sai hupita kwa nadra na kukoma mapema jioni. Sitamlaumu. Ninamsihi tu achague nyumba inayompa chakula.

Yamanaka ni ziwa kubwa kuliko yote matano, na liko juu zaidi, karibu mita 980 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ni la baridi. Anayetaka kuliona jua likitua juu kabisa ya kilele aende huko kati ya katikati ya Oktoba na mwisho wa Februari. Shoji ni dogo kuliko yote na lina utulivu wake. Motosu lina kina cha mita 121, na ndilo lililo nyuma ya noti ya yeni 1,000 iliyotoka mwaka 2004, ile yenye sura ya Noguchi Hideyo, mtafiti aliyefia Accra mwaka 1928 akiitafiti homa ya manjano. Wanaopenda mahema hawatapata pazuri kuliko huko, ila lazima wawe na gari. Sai na Shoji zamani zilikuwa ziwa moja, mpaka lava ya mwaka 864 ilipolikata, na msitu wa Aokigahara ukaota juu ya lava hiyo. Anayelala Sai anaweza kuingia msituni humo asubuhi na mapema, kabla mabasi ya watalii hayajafika kwenye mapango ya barafu na ya popo.

Jamaa zangu wanasema watarudi, na safari hii wameniomba niwapangie mimi. Nimeshaandikia nyumba tatu za Sai kuhusu mirin, sake na bafu la zamu. Ile itakayojibu hayo waziwazi ndiyo watakayolala, na sijaiuliza hata moja dirisha lake linaelekea wapi.