Wasema hawaji uwanjani, kwani wapite wapi?

Kila yakizuka mazungumzo ya viwanja hapa Lamu, iwe ni Twaif ama viwanja vya kule Mpeketoni na Witu, watu huelewana haraka sana: jukwaa, ukuta, vyoo, taa, nyasi. Alafu mtu mmoja akiuliza na wenye ulemavu je, hapo mazungumzo hupoa, na jibu linalokuja huwa la adabu kabisa, eti hilo ni jambo zuri lakini tuanze na ya msingi kwanza, hilo litakuja baadaye. Sijapata kumsikia mtu akikataa, wote wakubali, ila wakubali kwa mwaka usiojulikana. Hao wasemao hivyo si watu wabaya na wana hoja zao, nitazitaja, lakini naona upande wa pili haujaeleweka bado, manake unachukuliwa kama watu wanaoomba msaada, na wala si msaada wanaoomba.

Hoja ya kwanza ni pesa, na Lamu hoja ya pesa ni nzito kuliko kwingine. Mfuko wa simiti unaoingia kisiwani umetoka kwa lori mpaka Mokowe, ukapakiwa botini, ukashushwa, ukabebwa na punda ama mkokoteni mpaka unakojengwa, kila mkono uliougusa umelipwa. Kwa hivyo mtu akisema kila mita ya zege hapa ni ghali hadanganyi. Tena viwanja vingi vyetu mtu mzima mwenye afya zake mwenyewe hana pa kuketi wala maji ya kunawa, sasa waanzaje kuzungumzia choo maalum na hicho cha kawaida hakipo?

Iko na nyingine ambayo mimi siwezi kuipuuza. Wengine wauliza, kuna mtoto kijijini hana hata hicho kiti cha magurudumu, shuleni hajafika, ajengewa rampu ya uwanjani, ile njia ya mteremko badala ya ngazi, aifanyie nini? Hili swali lauma. Lakini ukilifuata mpaka mwisho waona kuwa pesa za uwanja zikishatengwa ni za uwanja, rampu isipojengwa kontrakta hatoki pale akaenda kumnunulia yule mtoto kiti. Akosa rampu na kiti pia akosa. Nayo ile ya mji wa kale, kwamba tuko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na huwezi kwenda kuvunja madaka na baraza za watu upanue njia, ni kweli, ila uwanja wa mpira si nyumba ya mawe ya miaka mia tatu, kwa hivyo hapa si mahali pake.

Sasa tuje kwenye ile inayorudiwa zaidi na ndo inayonisumbua, kwamba wenyewe ni wachache na hata hao wachache uwanjani hawaji.

Uchache wenyewe watoka kwa hesabu ya mwaka 2019. Sensa ile ilisema Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya watu wa kuanzia miaka mitano, yani kama laki tisa na kitu. Miaka kumi nyuma, sensa ya 2009 ilikuwa imesema 3.5. Sasa jiulize, watu walipona? Katika hiyo miaka kumi pikipiki zimejaa bara zima na ajali zake twazijua, sukari na presha zimezidi, wazee wameongezeka, alafu ulemavu upungue kwa zaidi ya thuluthi? Haiwezekani. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Mwaka 2019 watu waliulizwa kama wana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na majibu yalikuwa ya ngazi: hakuna shida, shida kidogo, shida nyingi, siwezi kabisa. Aliyehesabiwa ni yule wa shida nyingi na yule asiyeweza kabisa. Wa shida kidogo hakuhesabiwa.

Tulia kidogo hapo. Mzee wa miaka 68 goti limekwisha, atembea kwa mkongojo, akiulizwa na karani mlangoni kwake atasema nini? Atasema shida kidogo alhamdulillah. Hakuna mzee wa Kiswahili atakayemwambia kijana mgeni kwamba yeye hawezi, hasa mbele ya wajukuu. Na huyo mzee ndiye aliyecheza winga ujana wake, majina ya timu zote anayo kichwani, lakini vidato sita visivyo na pa kushika hapandi, na kusimama dakika tisini kwenye jua pia hawezi. Basi huyo kwa sensa hana ulemavu, na kwa uwanja hana nafasi. Ongeza na wale wazazi ambao karani akija mtoto hutiwa chumba cha ndani, si kwa ubaya, ni kwa kuona haya na maneno ya watu. Sensa hiyohiyo yaonyesha wanawake ni 2.5 na wanaume 1.9, na uwanja wenyewe ndo mahali ambapo mwanamke mwenye ulemavu humfikirii kabisa, si mchezaji si shabiki.

Shirika la Afya Duniani lenyewe lakadiria watu bilioni 1.3, yani asilimia 16 ya watu duniani, ni mtu mmoja kati ya sita. Chukua Lamu, kaunti nzima mwaka 2019 ilikuwa na watu 143,920. Kwa ile 2.2 wapata kama watu 3,200, kwa 16 wapata kama 23,000. Sisemi hesabu ya dunia yaingia Lamu sawasawa, dunia ina wazee wengi kuliko sisi. Nasema ukweli wetu uko mahali kati ya hizo mbili, na hata tukikaa na ile ndogo kabisa, watu elfu tatu ni jukwaa zima limejaa na wengine wamesimama nje. Uchache gani huo?

Na hiyo ya kwamba hawaji, mbona huwa hatuulizi njia yenyewe ikoje? Mtu wa kiti cha magurudumu atoke kwake, kichochoro kina ngazi, akifika nje ni mchanga mzito magurudumu yazama, punda wapita, afike getini kuna kizingiti, ndani ngazi tena, alafu choo mlango wake ni sentimita sitini kiti hakipiti. Huyo akija mara moja hatarudi, si kwamba hapendi mpira. Sasa wewe umekaa jukwaani watazama kushoto kulia humuoni, wasema hawaji. Kutomuona kwako ni matokeo ya jengo, huwezi kuligeuza likawa sababu ya kujenga jengo jingine vilevile.

Turudi kwa gharama, manake hapa watu hukisia bila kupima. Rampu inayofaa hesabu yake ni moja kwa kumi na mbili, kila sentimita moja ya kupanda yataka sentimita 12 za urefu. Vidato vitatu vya sentimita 15 kila kimoja ni sentimita 45, basi rampu yake ni mita 5 na sentimita 40. Hiyo si kazi ya kushinda kaunti. Benki ya Dunia imekuwa ikitaja makadirio kwamba jengo likipangwa hivi tangu kwenye ramani gharama huongezeka kwa kama asilimia moja tu. Kinachomaliza pesa ni kuvunja baadaye, yani ule mpango wa baadaye unaosifiwa kuwa wa kubana matumizi ndo wenye hasara, hasa kwetu ambako zege la kuvunjwa pia lilipiwa boti na punda. Hapa nakubaliana na wanaopinga kwa kitu kimoja, majengo ya zamani yana ugumu wake na sioni faida ya kuufunga uwanja wa zamani eti mpaka uwe sawa wote, hayo yafanywe kidogokidogo, geti mwaka huu, choo mwaka ujao. Ila jengo jipya linalochorwa leo halina udhuru.

Tena rampu peke yake isitutie moyo sana. Nimeona moja, sitasema wapi, imejengwa kwa kasi ya kutaka kukaguliwa, mwinuko wake mkali hata kijana mzima akisukuma kiti lazima ainame, na juu yake inaishia kwenye kidato. Choo maalum nacho kufuli, ufunguo anao mtu aliyekwenda sokoni. Hizi kazi za hivi ndo huwapa watu nguvu ya kusema waona, tulijenga na hakuna anayetumia. Kuna mambo madogo ambayo fundi hawezi kuyajua asipoambiwa na mwenyewe. Kwa mfano shabiki wa kiti cha magurudumu akiwekwa pale chini mbele ya jukwaa aona vizuri mpaka goli linapokaribia, watu wote husimama na yeye aona migongo, goli alisikia tu. Kwa hivyo nafasi yake huinuliwa ili aone juu ya waliosimama, na pembeni yake paweko kiti cha aliyekuja naye, si huyu huku na mwenzake kule kama wamegombana. Kiziwi ataka ubao wa matokeo na bendera pale ambapo sisi twategemea filimbi na kipaza sauti. Asiyeona ataka mtu wa kumtangazia mchezo, na hilo halihitaji zege wala boti, lahitaji kijana mwenye mdomo na kispika kidogo, na wa hivyo Lamu tunao wengi.

Sheria nayo isomwe taratibu. Katiba ya 2010 kifungu cha 54 yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri na habari. Kabla yake ilikuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, kifungu cha 22 kikawapa wenye majengo ya umma miaka mitano tangu kianze kufanya kazi wawe wamerekebisha, na kifungu cha 28 kikasema viwanja vya michezo vya serikali hawa wavitumie bure. Bure! Basi kwa miaka yote hiyo mtu amepewa kiingilio cha bure kwenye geti asiloweza kupita. Sheria ile sasa imebadilishwa na ya 2025, na hofu yangu ni kwamba itakaa kabatini vilevile, manake mwenye kuidai hayuko uwanjani aonekane.

Na tumekuwa tukizungumza shabiki tu, mchezaji je? Asiya Sururu, mwanamke wa Mombasa aliyepoteza miguu yote miwili utotoni, alikwenda Tokyo mwaka 2021 kuiwakilisha Kenya kwenye Paralimpiki kwa kupiga makasia. Makasia! Mchezo wa majini, na sisi hapa wenye mashindano ya mashua na ya kuogelea kila mwaka wa tamasha, watoto wetu wajua maji kabla ya kujua kusoma. Ni wangapi Lamu wenye mikono yenye nguvu na miguu isiyofanya kazi ambao bahari ingewabeba vizuri kuliko nchi kavu? Lakini waifikieje? Bahari yetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, maji yakitoka zile ngazi za jeti hubaki na ukungu wa mwani zikiteleza, mtu hubebwa mgongoni kama mzigo mpaka botini, mtu mzima mwenye watoto wake. Palipowekwa gati la kuelea linalopanda na kushuka na maji, hilo laisha. Na halimfai yeye peke yake, lamfaa mjamzito anayevushwa kwenda hospitali, lamfaa bibi, lamfaa yule aliyevunjika mguu Jumapili mpirani na Jumatatu apelekwa Mokowe.

Kwa hivyo mimi simlaumu diwani wala fundi kwanza, nalaumu wakati tunaochagua kusema. Huwa twalalamika jengo likishafunguliwa utepe ukishakatwa. Kaunti kwa sheria hupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na kabla ya hapo huita wananchi kutoa maoni. Mikutano hiyo nayo ifanywe mahali ambapo mwenye kiti cha magurudumu aingia na kiziwi ana mkalimani, la sivyo twarudi palepale. Anayekwenda asiulize kama watu wenye ulemavu wamefikiriwa, ataambiwa ndio wamefikiriwa. Aombe ramani, aulize mwinuko wa rampu ni moja kwa ngapi, mlango wa choo ni sentimita ngapi, nafasi ya kiti jukwaani imeinuliwa ama iko chini, na je, kwenye orodha ya kazi za kontrakta hivyo vitu vimeandikiwa bei yake, ama vimetajwa kwenye utangulizi tu.