Sauti ya S na Kambale wa Ndoo

Kama umezaliwa mbali na ziwa, usichore samaki mbele ya watoto wa Mwanza. Chora nyumba, chora mpira, chora hata ng'ombe wa miguu mitano, watakuvumilia. Samaki, hapana.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Kwetu samaki anafika amekauka, amefungwa kwenye gazeti, na hakuna anayemuuliza ukoo wake. Sasa chuo kikanipanga mazoezi ya kufundisha kwenye darasa la awali la shule moja ya mjini, upande wa Kirumba, ambako mtoto wa miaka mitano amekulia katikati ya mitumbwi na vichanja vya dagaa. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Rejista yetu ilikuwa na 94, na walimu wawili ukinihesabu mimi, jambo ambalo baadhi ya wazazi hawakulifanya. Mwanaume darasa la awali? Bibi mmoja alinikabidhi mjukuu wake pamoja na ufagio wa wiki, akaniambia nimfikishie mwalimu.

Darasa lenyewe lilikuwa Kanda ya Ziwa nzima juu ya mikeka sita: Wasukuma wengi, Wajita, Wakerewe, Wahaya, Wakurya, mapacha wa Kiha, na mtoto wa askari aliyehamishwa kutoka Mtwara. Wengi Kiswahili wanakimwaga kama maji. Wachache walikuwa wametoka juzi tu kwa bibi kijijini. Siku ya kwanza mmoja alinishika suruali akalia, "Minzi! Minzi!" Nikamwambia Minzi atakuja kumchukua saa tano, avumilie. Mwalimu mlezi ndiye aliyekuja kumpa kikombe cha maji.

Basi wiki ya tatu ikafika zamu ya sauti /s/. Kwa anayefundisha awali, s ni sauti ya raha, maana inavutika: sssss, mpaka pumzi iishe. K na b hazivutiki. Ukizivuta unaishia "keee" na "beee", na mtoto anakuja kuandika "keitabu". Jina la herufi, "es", hulitaji kabisa mwanzoni. Unaanza na sikio: watoto wanasikia sauti, wanaitamka, wanaitafuta kwenye maneno. Kisha jicho linaona umbo. Mkono ni wa mwisho: hewani kwa kidole, halafu kwenye mchanga, ndipo daftari. Na s mkononi ni balaa. Inaanzia juu kulia, inapinda kushoto, inageuka katikati, inaishia chini kushoto. Nusu ya darasa wataigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo. Umri huo ni kawaida, usichape mtu.

Nikachukua nusu karatasi ya manila na kalamu nyeusi ya wino mzito. Herufi nikaiandika kubwa kuliko kiganja changu ili mtoto wa mkeka wa nyuma aione. Pembeni nikachora samaki, yule wa vitabuni: jani la mwembe, jicho moja, magamba matatu na mkia uliopasuka kama mkasi. Nikamwekea na tabasamu.

"Watoto, huyu ni nani?"

Kimya. Watoto 94 wakinyamaza kwa pamoja, kuna kitu umekosea.

"Sato," mmoja akajaribu.

"Siyo sato! Sato mkia wake haujapasuka."

"Sangala!"

"Sangara," akasahihisha Mkurya mdogo, kwa ukali wa hakimu.

"Siyo. Sangara ana mapezi mawili mgongoni. Huyu ana moja."

Moyoni nilikuwa nashangilia. Sato ni s, sangara ni s, somo linajifundisha lenyewe! Ndipo wakaanza: furu, ningu, gogogo. Binti mmoja wa mkeka wa tatu, ambaye mama yake anauza samaki, alisimama akasogea mpaka kwenye manila. Akaukagua mkia wangu kwa kidole, akageukia wenzake.

"Ni dagaa," akasema. "Ila amekua sana."

Ukimfikiria vizuri, alikuwa sahihi. Sato mkia wake umenyooka kama umekatwa kwa kisu, wa sangara ni wa mviringo, na katika wale wanaowaona kila siku ni dagaa ndiye mwenye mkia uliopasuka. Nilikuwa nimemchora dagaa wa kilo mbili, anacheka. Darasa likaitikia sauti ya siku kwa furaha: "D-d-d-dagaa!"

Mwalimu mlezi alikuwa nyuma anahesabu vifuniko vya soda vya kipindi cha hisabati. Alicheka mpaka akapoteza hesabu. "Ticha," akaniambia baadaye, "ukiwaambia hawa 'samaki' ni kama mtu akuulize nyumbani kuna nani, umjibu 'mtu'. Mtu gani?"

Ingeishia hapo isingekuwa na ubaya. Tatizo, Alhamisi mkufunzi anakuja kunitathmini, na somo lilelile la /s/ ndilo lilikuwa kwenye azimio la kazi, ule mpango wa masomo ya muhula. Na chuoni tumekaririshwa: kitu halisi kwanza, kikikosekana mfano wake, kikikosekana ndipo picha. Picha nilikuwa nimeshaonja. Nikaamua kitu halisi.

Jumatano jioni nikapanda daladala mpaka Igombe, kwenye mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Nikamweleza kijana mmoja shida yangu: nataka samaki wa kufundishia, awe mzima mpaka kesho saa tatu asubuhi, na chumbani sina friji. Akanitazama kwa huruma. Sato, akasema, hata nyumbani humfikishi. Kisha akafunua pipa lake. Yeye alikuwa anauza chambo: wanaotega sangara kwa ndoano wanapenda kambale wadogo walio hai, kwa hiyo biashara yake nzima ni kuhakikisha kambale hafi.

"Huyu hapa hata ukimsahau chini ya kitanda," akasema, akanichagulia mmoja aliyezidi saizi ya chambo, urefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kiganja. "Ila funika kwa kitu kizito."

Kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa kama mimi na wewe. Kwa hiyo maji ya ndoo yakichoka, hafi. Anakuja juu, anameza hewa, anaendelea na maisha. Na kila pezi la kifuani lina mwiba mgumu, ambao ni silaha na pia ni gongo la kutembelea: akitua nchi kavu anaukita chini, anajipinda, anasogea. Haya yote niliyajua baadaye. Usiku ule nilichojua ni kwamba chini ya kitanda changu kuna mtu anafanya "klup" kila baada ya dakika chache. Sikulala.

Asubuhi nikafika na ndoo ya lita 20. Kitu kizito sikuwa nacho. Nikaifunika kwa ile manila ya dagaa mkubwa, maana haikuwa na kazi nyingine. Nikaiweka kona ya sayansi, karibu na dirisha, ambako jua linaingia vizuri sana. Hapo ndipo nilipoharibu. Maji yakapata moto, hewa ndani yake ikapungua, na kambale akaanza kuja juu mara kwa mara na kuipiga manila kwa kichwa mpaka ikalowa na kulegea kama chapati.

Mkufunzi akaingia, akapewa kiti cha plastiki cha watoto, magoti yakafika kidevuni. Akafungua fomu. Andalio langu la somo lilikuwa safi: dakika 20, utangulizi 3, maarifa mapya 7, kuimarisha 5, tafakuri 3, hitimisho 2. Na utangulizi wangu, niseme bila aibu, ulikuwa mtamu. Niliwaambia wafumbe macho, tumsikilize nyoka anapita kwenye majani.

"Sssssss..."

Vinywa 94. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Mkufunzi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika kitu. Nikawaambia, "Fumbueni macho polepole, nyoka yuko wapi?"

Wakafumbua macho. Alikuwa anatoka kona ya sayansi.

Mweusi, anang'aa, hana gamba hata moja, anajipinda kulia na kushoto juu ya sakafu ya saruji, manila iliyolowa imemganda mkiani. Kwa sekunde moja hata mimi niliyemnunua nilisema "Nyoka!" Nadhani mimi ndiye niliyeanza. Mikeka sita ikawa mitupu. Watoto wakapanda madirishani, wakapanda meza, wakanipanda mimi. Mapacha wa Kiha wakakimbia wameshikana mikono mpaka ofisi ya mwalimu mkuu, wakaripoti kwamba ticha amefuga. Mkufunzi alijaribu kusimama, lakini kiti cha mtoto kikisha kukubana hakikuachii kirahisi. Akanyanyuka nacho.

Nikamrukia kambale. Usifanye hivyo. Ukimshika katikati anateleza kama sabuni, na ukikaza mkono unaukaza kwenye mwiba. Nilipiga kelele ambayo, kwa bahati, ilianza na s.

Binti wa mkeka wa tatu hakuwa amepanda popote. Alikuja akitembea, akainama, akamshika nyuma tu ya kichwa, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule, nyuma ya miiba yote miwili, akamwinua. Kambale akatulia kama mtoto aliyefika kwa mama.

"Ticha, siyo nyoka. Ni kambale."

"Kambare," akasema Mkurya kutoka dirishani.

"Kambale!" wakajibu Wasukuma wote.

Kisukuma kina l, hakina r. Kikurya kina r, hakina l. Na huyu samaki, kwa ubaya wake, Kiswahili kinamkubali kwa herufi zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na kosa na hakuna aliyekuwa tayari kuacha. Darasa likagawanyika. Katikati ya mjadala mtoto mmoja, kwao ni Wasabato, akatangaza kwamba huyo haliwi, hana magamba, bibi amesema. Mwingine akajibu kwao analiwa na ugali. Mwenzake akauliza mbona ana ndevu. Wakazihesabu: sharubu nane. Hesabu ile, nikiri, ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuwafundisha. Halafu mmoja, aliyesikiliza somo kuliko wote, akasema kwa sauti ya wazi:

"K-k-k-kambale!"

Na wote 94, Mkurya akiwemo, wakapokea: "K-k-k-k!"

Dakika 20 zilikuwa zimeisha. Lakini mtoto aliyegusa kambale, au aliyegusa aliyegusa, haendi kula uji na mikono ile, kwa hiyo ikabidi tunawe. Kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia linaloning'inia, kilikuwa kimoja. Ukimpa kila mtoto nusu dakika tu ya maji na sabuni, piga mwenyewe kwa 94. Tulikula kipindi cha hisabati, cha michezo na mapumziko, na dumu la lita 5 tulilijaza mara sita. Darasa la kwanza walisimama mlangoni mwao wakitutazama kama msafara wa harusi.

Mkufunzi aliniita chini ya mwembe, kiti kimeshatolewa. Alinieleza kwa upole kwamba zana hujaribiwa kabla ya somo, kwamba kiumbe hai huletwa darasani dakika ile anapohitajika na si kabla, kwamba chombo chake kiwe na mfuniko wenye matundu na kikae kivulini, na kwamba neno la mfano lazima lianze na sauti unayofundisha kwenye kinywa cha mtoto, siyo kwenye andalio. Kisha akanionyesha fomu. Ushirikishwaji wa watoto: vizuri sana. Matumizi ya muda: hapakuwa na alama, palikuwa na mstari. Zana: "Halisi mno."

"Ila niambie," akasema akiwa anafunga mkoba, "wewe unasema kambare au kambale?"

Nikamwambia kwetu Kondoa tunasema samaki.

Kambale alienda na mwalimu mlezi, na hakunialika. Mimi nilienda zahanati kuonyesha kidole, nikaulizwa nimechomwa na nini, nikasema ni mambo ya kazi.

Kesho yake asubuhi, binti wa mkeka wa tatu alikuja na kitu kwenye mfuko. Akaniwekea mezani, akafungua: sato mbichi, amepozwa kwa barafu, mkia umenyooka kama rula, pezi moja refu la mgongoni lenye miiba mbele.

"Mama amesema huyu ndiye wa s."

Nilikaribia kulia. Nikamwambia amshukuru sana mama, mama ana moyo.

"Na amesema ukishamaliza kumsoma umrudishe. Ni wa jioni."

Nikafundisha /s/ kwa dakika 12, mbiombio, barafu ikidondoka kwenye viatu vyangu. S-s-s-sato. Walipoondoka nikamrudisha kwenye mfuko, nikamkabidhi yule binti. Akafungua, akamwangalia upande mmoja, akamgeuza upande wa pili, akahesabu mapezi yote, kisha akafunga.